Simba Katika Nyumba ya Irving

Katika mtaa wa Wellington mjini London, hatua chache kutoka barabara ya Strand, zipo nguzo ndefu ambazo msanifu Samuel Beazley alizisimamisha mwaka 1834, baada ya jengo lililotangulia kuteketea kwa moto mwaka 1830. Na ijapokuwa sehemu kubwa ya yaliyokuwa nyuma yake ilivunjwa na kujengwa upya mwaka 1904, nguzo zenyewe ziliachwa, nazo ndizo zimpokeazo hata leo mtu aendaye kutazama mchezo katika jumba la Lyceum. Chini ya nguzo hizo, tangu Oktoba 1999, isipokuwa ile miezi ambayo maradhi ya korona yaliyafunga majumba yote ya michezo, hujikusanya kila jioni ya mchezo kaumu ya watu wa kila taifa na kila umri, mabibi na wajukuu zao, wanafunzi na walimu wao, wageni waliofika mjini jana, wote wakingoja kuitazama The Lion King. Hiyo ni tamthilia ya muziki, ambamo maneno, nyimbo na ngoma hupokezana hadithi moja tangu mwanzo hata mwisho. Ilitokana na filamu ya katuni ya mwaka 1994, ikachezwa jukwaani kwanza nchini Marekani mwaka 1997, na miaka miwili baadaye ikavuka bahari.

Jumba hili huchukua watazamaji wapatao elfu mbili na mia moja, nao hawaketi mahali pamoja. Kuna viti vya chini vinavyokabiliana na jukwaa, kisha roshani ya kwanza, kisha roshani ya juu, na kadiri mtu apandavyo ngazi ndivyo kiingilio kipunguavyo. Mafundi wa zama za kale walikuwa na werevu mkali katika jambo hili, kwani majumba mengi ya wakati ule yalipewa milango na ngazi mbalimbali, ili mnunuzi wa tiketi ya rahisi asipate kugusana mabega na bwana aliyeshuka katika gari la farasi. Siku hizi milango haimbagui mtu, walakini ngazi hazikufupishwa, na mwenye miguu mirefu akiketi juu kabisa hana budi kuyakunja magoti yake kwa subira. Hata hivyo sikubaliani na wasemao kwamba juu ni hasara tupu. Aketiye chini huona nyuso, na aketiye juu huona nakshi: duara za wachezaji, mistari ya nyasi, na miali ya taa ikitandazwa sakafuni kama zulia.

Ndani, mapambo ni ya mwaka 1904, kazi ya Bertie Crewe, msanifu ambaye hakuwa na moyo wa kuacha hata shubiri moja ya ukuta bila ya ua au sanamu ya plasta iliyopakwa dhahabu. Mtu akifika mapema atawaona wenziwe wameinua vichwa wakiitazama dari, na hiyo ni sehemu ya kile walicholipia, maana jumba kongwe humtayarisha mtu kwa adhama hata kabla muziki haujaanza.

Lakini jambo kubwa lililotukia mahali hapa halionekani katika mapambo. Mwaka 1878 usimamizi wa Lyceum ulishikwa na Henry Irving, mwigizaji aliyekuwa na haiba ya pekee, ambaye mwaka 1895 alikuwa mwigizaji wa kwanza wa Uingereza kupewa cheo cha Sir kwa ajili ya sanaa yake. Pamoja naye aliigiza Bibi Ellen Terry, na shughuli za ofisi ziliamiliwa na Bram Stoker, yule aliyeandika riwaya ya Dracula. Zamani zile ilikuwa ada taa za watazamaji kuwaka muda wote wa mchezo, na wengi walikwenda kuonekana kama walivyokwenda kuona: nani kaketi na nani, nani kavaa nini, nani hamwamkii nani. Irving alizishusha taa za upande wa watazamaji, akawaacha gizani, akaibakiza nuru jukwaani peke yake. Kwa tendo hilo mtazamaji alinyang'anywa jirani zake, asibaki na la kutazama ila mchezo; na ule ukimya ambao leo twaudhania kuwa adabu ya asili ya majumba haya ni mazoea yaliyofundishwa, tena si ya kale sana.

Sasa fikiri mtu ameketi katika giza hilo la Irving. Taa zimeshuka, minong'ono imekatika, na mara sauti ya mwanamke inapasua ukumbi mzima kwa mwito wa Kizulu. Huyo ni Rafiki, nyani mganga, ambaye katika tamthilia hii huigizwa na mwanamke. Anajibiwa na sauti nyingine kutoka pembeni, ngoma zinaitikia kutoka roshani ndogo zilizo kando ya jukwaa, jua kubwa la vitambaa linapanda, na twiga wanatokea wakitembea taratibu, nao ni watu waliopanda mironjo, miguuni mironjo na mikononi mironjo. Wakati macho yote yapo mbele, nyuma ya viti milango hufunguliwa, na kupitia njia za baina ya safu hushuka wanyama wengine, ndege wakizungushwa juu ya fito, na ndovu mkubwa anayetembezwa na watu walio ndani ya miguu yake, akipita karibu mno na viti, hata mtoto aliye ukingoni angeweza kumgusa. Nimewaona watu wazima wakilia katika dakika hizo, na mchezo haujasimulia bado jambo lolote la huzuni.

Aliyebuni haya ni Julie Taymor, mwongozaji wa Kimarekani, ambaye mwaka 1998 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Tony, ile ya michezo ya jukwaani ya Marekani, kwa kuongoza tamthilia ya muziki. Alijifunza sanaa ya vikaragosi na vinyago huko Indonesia, akachota pia katika vikaragosi vya Kijapani, na shauri aliloshika ni kutoficha chochote. Kinyago cha simba hakiufuniki uso wa mwigizaji, bali hukaa juu ya kichwa chake, hata mtazamaji huona nyuso mbili kwa pamoja, ya mnyama na ya mwanadamu, naye huchagua mwenyewe aitazame ipi. Ukame unapoingia, ziwa huwa kitambaa cha buluu kinachovutwa na kupotea katika tundu la sakafu, mbele ya macho ya watu wote. Simba jike wanapoomboleza, huvuta kutoka machoni mwao tepe ndefu nyeupe, na hizo ndizo machozi. Hakuna adanganywaye, kila mtu ajua kwamba ni kitambaa, tena ajua kitambaa chenyewe kinakwenda wapi, ilhali koo humkaba.

Hapo ndipo ninapouona uhusiano baina ya watu hawa wawili waliopishana kwa zaidi ya karne moja katika nyumba moja. Irving alimtia mtazamaji gizani ili asahau kwamba yumo katika jumba la michezo. Taymor hakuwasha taa, lakini aliwapitisha wachezaji katikati ya giza lile lile na kuonyesha kila uzi na kila gongo, ili mtazamaji akumbuke mahali alipo na bado akubali kuamini, na imani ya namna hii, itolewayo na mtu aliye macho, yanielea kuwa na thamani kuliko ile ya kuzugwa. Mwenyeji wa pwani yetu ataongeza mshangao wake wa pekee, kusikia majina ya nyumbani kama Simba na Pumbaa yakitamkwa na hadhira ya London kana kwamba ni yao tangu jadi.

Kati ya vipindi viwili kuna mapumziko ya kama dakika ishirini. Watu hununua aiskrimu katika vikopo vidogo, wanawake hupanga foleni ndefu kwenye vyoo ambavyo mafundi wa 1904 hawakuvifikiria vya kutosha, na mbele ya jukwaa hushushwa pazia gumu lisiloshika moto. Mgeni aghalabu hulipuuza pazia hilo, kumbe kulishusha mbele ya watazamaji ni sharti la leseni, na asili yake ni misiba kama ule wa mji wa Exeter, ambako mnamo Septemba 1887 moto uliozuka nyuma ya jukwaa uliwaua watu zaidi ya 180, wengi wao wakiwa katika viti vya juu vya rahisi.

Mtu aliyelelewa katika taarabu, ambako mpenzi wa wimbo huinuka akaenda kumtuza mwimbaji, na fedha yake ikawa jibu au hata fumbo kwa jirani, atauona utulivu wa Waingereza kuwa mgumu kidogo. Hapa makofi yana mahali pake, mwisho wa wimbo, na aimbaye pamoja na waigizaji hutazamwa vibaya. Walakini kuta hizi hizi zimeshuhudia adabu nyingine kabisa. Mwaka 1939 halmashauri ya jiji ililinunua jumba ili kulibomoa na kupanua barabara; vita vikaizuia nia hiyo, na baada ya vita likageuzwa ukumbi wa dansi. Julai 1975 Bob Marley na Wailers walipiga muziki humo, na santuri iliyorekodiwa humo imejaa sauti za watazamaji waliokuwa wakiimba kwa kinywa kipana. Michezo ya kuigiza haikurejea kwa kudumu mpaka jumba lilipokarabatiwa mwaka 1996.

Kwa msomaji atakayejaaliwa kupita London, kama fedha yaruhusu, achague kiti cha chini kilicho ukingoni mwa njia, maana huko ndiko wanyama wapitako. Na kama hairuhusu, apande juu bila ya manung'uniko, aelekeze macho sakafuni. Zaidi ya yote asichelewe. Njia za katikati zikiwa zimeshikwa na maandamano ya mwanzo, achelewaye huzuiliwa mlangoni mpaka yaishe, akaingia jua likiwa limekwisha kuchomoza na ndovu amekwisha kupita.