Boti Ina Jina, Fundi Hana

Rumonge, mji wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, asubuhi boti zikirudi na ndagala na mukeke, kila mtu hukimbilia samaki. Wachache hutazama ubavu wa chombo. Pale pameandikwa Mungu Mkubwa, Dieu Merci, au jina la mama wa mwenye boti, kwa rangi ya mafuta, herufi zimepigwa kivuli upande mmoja.

Kazi hiyo si ya kubahatisha. Ubavu wa boti umejipinda, kwa hiyo mstari ulionyooshwa kwa rula huonekana umeinama ukiutazama ukiwa ufukweni. Fundi huvuta uzi uliopakwa chaki, huhesabu herufi, kisha huanzia katikati kwenda pembeni ili jina lisigote mwisho wa ubao. I haili nafasi sawa na M. Asiyelijua hilo huishia kuzibananisha herufi za mwisho. Akimaliza anasafisha brashi, anapokea ujira wake, anaondoka. Boti imepata jina. Lake halimo.

Jambo hilo haliishii kwenye boti. Watu wengi wa Rumonge walikulia Tanzania, wazazi wao walipokimbia mauaji ya 1972 au vita vilivyoanza 1993. Hao huna haja ya kuwaeleza nembo ya taifa ya Tanzania, iitwayo Bibi na Bwana: ngao yenye mwenge, shoka na jembe, mawimbi ya maji, Kilimanjaro, pembe za ndovu, karafuu miguuni pa mwanamume na pamba miguuni pa mwanamke. Waliizoea kwenye mihuri na barua za serikali. Ni vigumu kutaja mchoro mwingine uliosambaa kuliko huo nchini humo.

Mei 2017 Watanzania walionyeshwa kwenye televisheni mzee mgonjwa wa Buguruni, Dar es Salaam, anayeishi kwa taabu: Francis Maige Kanyasu, maarufu kwa jina la Ngosha. Alisema mkono wake ulihusika kuichora nembo hiyo. Alipelekwa hospitali, akafia Muhimbili mwezi huohuo, umri wake umepita miaka 80. Sifa hiyo inagombaniwa. Wapo wanaomtaja Jeremiah Kabati. Sina ugomvi na upande wowote. Ila kama jina la mchoraji lingewekwa wazi tangu mwanzo, jinsi sahihi inavyowekwa mwishoni mwa sheria, ubishi huo ungetoka wapi?

Tunapenda kuwasifu mafundi wa aina hii kwa unyenyekevu. Mara nyingi, nionavyo, si unyenyekevu: hakuna aliyewauliza.

Mchoraji Chéri Samba wa Kinshasa hakusubiri kuulizwa. Alianza kwa kuchora mabango ya biashara, 1975 akafungua karakana yake, akawa anatia jina lake, na mara nyingi hata sura yake, ndani ya picha. Mwaka 1989 kazi zake zilitundikwa Paris katika maonyesho ya Magiciens de la terre. Mnyenyekevu? Hata kidogo, na sijasikia aliyepungukiwa na kitu kwa sababu hiyo.

Siku hizi bango la kuchapwa kwa kompyuta ni la haraka, lakini ubavu wa boti bado unataka mkono wa mtu. Basi wenye boti wa Rumonge, mkishamlipa fundi, mwacheni aandike jina lake na namba ya simu chini ya jina la chombo, kwa herufi ndogo. Rangi ya kumtosha haikosi kubaki koponi.