Kofia ya Jino: Usafi Kwanza, Rangi Baadaye



Hivi karibuni mama mmoja wa bloku yetu alinijia akiwa ameshika shavu. Lilikuwa limevimba. Alipokuwa safarini huko mpakani, mtu anayetembeza huduma hiyo sokoni alimwekea kofia nyeupe ya jino. Hakuangalia kama jino limeoza. Alibandika tu. Nje kofia iling'aa, ndani jino likazidi kuoza. Kituoni alitolewa usaha na sasa hajambo, lakini jino limeng'olewa.

Nilikumbuka niliyoyaona zamani. Kama wengi wenu, familia yetu ilivuka mpaka mwaka 2008 na kupokelewa Mulanda, wilaya ya Tororo. Baadaye nilisoma sekondari Nagongera. Likizo moja nilikwenda Kampala kwa ndugu yangu aliyekuwa akijifunza kazi katika maabara ya meno.

Je, kofia ya jino hutengenezwaje?

Nyingi siku hizi ni za zirkonia, aina ya kauri nyeupe. Mwanzoni huwa laini kama chaki. Mashine inayoongozwa na kompyuta huichonga iwe na umbo la jino, ila kubwa kuliko inavyotakiwa, maana ikichomwa hunywea kwa karibu moja ya tano.

Ikitoka kwenye mashine imejaa vumbi. Fundi huvaa barakoa asilivute, kisha huliondoa kwa brashi laini na hewa kavu isiyo na mafuta. Haishiki kwa vidole vyenye jasho. Ikiwa imelowa, huiacha ikauke kabisa. Ndipo huipaka rangi ya majimaji ifanane na meno ya mgonjwa, ikauke, kisha huichoma kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 1,500 hivi kwa saa kadhaa.

Kwa nini hana haraka? Rangi hunywewa na vitundu vidogo sana. Penye vumbi au mafuta haiingii sawasawa. Kosa hilo huonekana vizuri kofia ikishatoka tanurini, na wakati huo doa halitoki hata ukisugua. Mara nyingi huanza kazi upya.

Kinywani nako ni hivyo hivyo. Uchafu uliofunikwa haujaondoka.

Tufanye nini?

1. Usikubali kuwekewa kofia sokoni. Jino lichunguzwe na mtaalamu wa meno, na lililooza litibiwe kabla ya kufunikwa.

2. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi, hasa pale kofia inapokutana na ufizi. Kofia haiozi, lakini jino lililo chini yake huoza.

3. Usisugue meno kwa mchanga au jivu.

4. Kofia ikitoka, usiirudishe kwa gundi ya dukani. Ifunge katika kitambaa safi uje nayo kituoni.

Dalili za hatari: uso au shingo kuvimba, homa, kushindwa kumeza, kupumua kwa shida au kushindwa kufungua mdomo. Ukiona hata moja, nenda kituo cha afya mara moja, hata usiku.

Mama yule ameniruhusu kuwasimulia haya bila kumtaja jina. Nawe usione haya. Jino likiuma, mwone mhudumu wa afya wa bloku yako mapema.