Nyasi Zenye Wazazi Watatu

Ndugu mfugaji, kiangazi kikiwa kirefu unajua mambo yanavyokuwa. Malisho yanakwisha. Ng'ombe wanakonda mpaka mbavu zinahesabika. Mwishowe unampeleka ng'ombe mnadani, na mnunuzi anakupa bei ya mbuzi. Unakubali, kwa sababu ukimrudisha nyumbani atakufa. Ukame wa mwaka 2021 na 2022 uliua mifugo mingi nchini Kenya na kaskazini mwa Tanzania.

Mimi ni Bwana Mifugo. Mara nyingi nimeitwa kumtibu ng'ombe, nikakuta haumwi ugonjwa wowote. Ana njaa. Na njaa haina sindano. Dawa yake ni malisho, na malisho huandaliwa kabla ya kiangazi.

Leo nitakueleza habari za nyasi zinazovumilia ukame. Jina lake ni Mulato II, yaani Mulato ya Pili. Ni nyasi chotara.

Asili yake ni kwetu

Mulato ni ya jamii ya nyasi ziitwazo brakiaria. Asili ya brakiaria zilizotumika ni Afrika. Zamani zilipelekwa nchi za mbali, na leo ndizo malisho makubwa ya ng'ombe huko Brazili. Mwaka 1984 na 1985 wataalamu walikusanya aina nyingi za nyasi hizi katika nchi za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo. Baadaye kazi ya kuzichanganya ilifanywa Kolombia, katika kituo cha utafiti kiitwacho CIAT.

Kwa nini wazichanganye? Kwa sababu kila aina ina uzuri wake na upungufu wake. Ya kwanza ilipewa jina la bonde la mto Ruzizi, ule unaotoka Ziwa Kivu na kuingia Ziwa Tanganyika. Nyasi hiyo ni laini na ng'ombe huipenda, lakini ukame huishinda. Ya pili ilitoka Uganda. Hiyo huota hata kwenye udongo uliochoka. Ya tatu ina nguvu ya kuvumilia kiangazi na wadudu. Wataalamu walitaka sifa hizo zote ziwe katika mmea mmoja.

Ndoa iliyokuwa ngumu

Kazi haikuwa rahisi. Nyasi ya pili na ya tatu hutoa mbegu bila mbegu hiyo kuchanganyika na unga wa ua lingine. Kwa hiyo kila mtoto hufanana na mama yake kabisa. Ile ya Ruzizi ndiyo inayokubali kuchanganyika. Lakini ndani ya kila mmea mna chembe za urithi, ndogo sana, zisizoonekana kwa macho. Ruzizi ina chembe 18. Wenzake wana 36. Hesabu hizo hazikulingana, na ndoa haikuwezekana.

Mwaka 1981 wataalamu wa Ubelgiji walieleza jinsi walivyotumia dawa kuifanya Ruzizi iwe na chembe 36. Sasa njia ilifunguka. Unga wa maua ya nyasi nyingine ulipoingia katika maua ya Ruzizi, mbegu chotara zilipatikana. Watoto walipandwa, wakachaguliwa, wakachanganywa tena kwa miaka mingi. Mulato II ilianza kuuzwa miaka ya 2000.

Labda utauliza: "Je, ni kama mahindi chotara, ambayo lazima ninunue mbegu kila mwaka?" Sivyo. Mulato II imerithi tabia ya kutoa mbegu bila kuchanganyika. Mtoto anakuwa kama mama. Tena unaweza kung'oa shina, kuligawa vipande vyenye mizizi, na kuvipanda. Jirani naye unaweza kumgawia.

Jinsi ya kuipanda

1. Chagua mahali pasipotuama maji. Mulato II haipendi maji yaliyosimama.
2. Lima vizuri na uondoe magugu yote.
3. Panda mvua zinapoanza. Mbegu ni ndogo, usizifukie chini sana. Udongo wa kimo cha ukucha wa kidole unatosha.
4. Palilia mapema. Nyasi changa hushindwa na magugu.
5. Usilishe ng'ombe humo mpaka mizizi ishike. Kata mara ya kwanza baada ya miezi mitatu au minne. Usikate mpaka chini. Acha kisiki kidogo kichipue.

Mizizi ya Mulato II hushuka chini sana kutafuta maji. Ndiyo maana hubaki na majani mabichi wakati nyasi nyingine zimekauka. Lakini usidanganyike. Ukame ukizidi, nayo hudumaa. Tena huko Kenya imeonekana kushambuliwa na utitiri mwekundu. Ukiona majani yanageuka rangi, mwite Bwana Mifugo au Bwana Shamba mapema.

Kwa hiyo usitegemee shamba peke yake. Wakati wa mvua, kata majani yaliyozidi, yaanike, yageuze mpaka yakauke, kisha uyaweke penye paa. Wape ng'ombe pamoja na majani ya mikunde.

Ndugu mfugaji, anza na kipande kidogo mwaka huu. Kiangazi kijacho mnunuzi atakapokutajia bei ya mbuzi, utaweza kumrudisha ng'ombe wako nyumbani. Akiba haiozi.