Mbaazi: Chakula cha Nyumba na Mbolea ya Shamba

Huku Nachingwea na Ruangwa wengi huzihesabu mbaazi kuwa mali ya kuuzwa tu. Lakini mwaka 2017 Uhindi, mnunuzi wake mkuu, iliziwekea mpaka mbaazi ziingiazo nchini mwake. Bei ikaanguka, na wakulima wakabaki na magunia yao. Basi yatupasa kuzijua faida zake nyingine.

Kwanza ni chakula. Karibu sehemu moja katika tano ya mbaazi kavu ni protini, ijengayo mwili wa mtoto. Tena zina madini ya chuma yasaidiayo kuongeza damu. Enyi akina mama, zipikeni kwa nazi au karanga, na msikose limau au embe mezani, kwani matunda hayo huusaidia mwili kuyapokea madini hayo.

Pili, huirutubisha ardhi. Vijidudu vilivyomo katika vifundo vya mizizi yake huitwaa naitrojeni ya hewani, na majani yapukutikayo huoza yakawa mbolea. Mahindi ya mwaka ufuatao hufaidika.

Vijana, uzeni mbaazi, lakini wekeni kwanza akiba ya nyumbani. Bei hupangwa ng'ambo. Njaa hubisha hodi mlangoni petu.