Picha safi, bega bado linauma: usikimbilie kusema mtoto anadeka

Kijana wa sekondari anaanguka akidaka mpira, mkono ukiwa umenyooka. Bega linateguka, linarudishwa hospitalini, na eksirei inaonyesha mifupa iko sawa. Nyumbani anaambiwa amepona. Lakini miezi ikipita, kila akirusha mpira au kutundika ndoo kichwani, bega linagonga kwa ndani, linauma, na anahisi linataka kutoka tena. Wazazi wanaanza kudhani anakwepa kazi.

Huenda hakwepi. Eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi labramu, yaani pete ngumu inayozunguka kikombe cha bega. Kikombe hicho hakina kina kirefu. Pete hiyo hukiongezea kina ili kichwa cha mfupa wa mkono kisichomoke. Bega likiteguka kwenda mbele, mara nyingi pete huchanika upande wa mbele, chini. Kwa wanaorusha mpira mara kwa mara, inaweza kuchanika taratibu upande wa juu.

Daktari wa mifupa huanza kwa maswali: maumivu yalianzaje, bega limeteguka mara ngapi? Kisha huupeleka mkono pande mbalimbali kuona ni wapi mtoto anashtuka. Akishuku mchaniko, huagiza kipimo cha MRI, wakati mwingine baada ya kuchoma dawa ndani ya kiungo ili mchaniko uonekane vizuri. Kipimo hiki ni ghali, hivyo mzazi ana haki ya kuuliza kama majibu yatabadilisha matibabu.

Si kila mchaniko huhitaji upasuaji. Wengi huanza na mapumziko, dawa za maumivu na mazoezi ya viungo ya kuimarisha misuli ya bega. Likiendelea kuteguka, pete inaweza kushonwa kwa kamera kupitia matundu madogo. Mkono hufungwa kwa wiki kadhaa, na kurudi uwanjani huchukua miezi. Vijana hawafai kulipuuza jambo hili: wanaoteguka bega kabla ya miaka 20 wako katika hatari kubwa ya kuteguka tena, na kila mara kiungo huzidi kuumia.

Bega likiteguka, mzazi, usilivute wala kumpeleka mtoto kwa mchuaji. Ufunge mkono kwa khanga, wahi hospitali. Vidole vikiwa na ganzi au vya baridi, hiyo ni dharura. Na picha ikitoka safi huku mtoto bado analalamika, mrudishe kwa daktari.