Kamera Uko Nayo, Sasa Lenzi Gani? Hii ni ya Wasee wa Olenguruone na Pande Zote za Baridi

Wasee, kila bonasi ya majani chai ikiingia kuna swali moja lazima litokee: "Niko na DSLR, ninunue lenzi gani ndio nianze kupiga harusi?" Shida ni kwamba majibu mengi utapata YouTube ni ya msee anaishi penye jua linawaka asubuhi hadi jioni. Olenguruone si huko. Sisi tuko juu ya mita 2,000 na zaidi, msitu wa Mau uko hapo pembeni, ukungu unaeza kaa mpaka saa nne asubuhi, halafu koito yenyewe inafanyika ndani ya sebule ya dirisha moja, wazee wamejaza viti na mursik inazunguka.

Kwa hivyo huku vitu ni viwili tu: mwanga ni kidogo, unyevu ni mwingi. Ukinunua bila kufikiria hizo mbili, umeuza ndama bure. Na koito hairudiwi buda. Ukishakula dipositi ya mtu na picha zitoke giza tupu, hauezi ambia wazee wa pande zote mbili warudi Jumamosi ingine wakae vile walikuwa wamekaa.

Hizo namba kwa lenzi zinamaanisha nini

Cheki ile lenzi ilikuja na kamera yako. Imeandikwa 18-55mm, halafu 3.5-5.6. Hiyo ya kwanza inakuambia inaona upana gani: 18 ni pana, 55 inavuta karibu. Ya pili ni ukubwa wa tundu la kuingiza mwanga, na inaenda kinyume: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa.

Sasa sikia hii. Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi kuliko ile yako ikiwa kwa f/5.6. Mara kumi! Yaani mahali kamera ilikuwa inataka 1/15 ya sekunde, na kila mtu akisogeza mkono anakuwa moshi, sasa unapiga kwa 1/150 na bibi harusi ametulia tuli kwa picha. Ndio maana kila mtu huko nje anakuambia ununue 50mm f/1.8. Ile ya Canon ya STM ilitoka 2015 kwa kama dola 125, na mpaka leo ni kati ya lenzi za bei rahisi zaidi zenye maana.

Lakini wacha nikuambie kitu hawasemi. Hizi kamera zetu nyingi, kina 600D, 700D, 1300D, 2000D, ziko na sensa ndogo. Kwa hizo, 50mm inabana. Ukisimama mita tatu kutoka kwa watu, inashika upana wa mita moja na kitu. Hao ni watu wawili, labda watatu wakipendana sana. Sasa uko kwa sebule ya Kuresoi, nyuma yako ni ukuta na mbele yako ni wazee kumi na wawili. Utarudi nyuma uende wapi, utoboe mabati? Ile 18-55 yako ukiiweka kwa 18, hapo hapo mita tatu, inashika karibu mita tatu na nusu. Ndio inatoshea hiyo kazi, ni vile tu haina mwanga.

Kwa hivyo mimi nikiulizwa, kitu ya kwanza kununua si lenzi. Ni flashi.

Flashi, lakini usiielekeze kwa watu

Ile flashi ndogo inaruka juu ya kamera isahau. Inafanya uso wa mtu ung'ae kama amepakwa mafuta ya kupikia, na nyuma yake giza. Tafuta flashi ya kuweka juu, yenye kichwa kinageuka. Godox na Yongnuo ziko na za bei ya kawaida ambazo watu wengi hutumia. Unageuza kichwa kiangalie juu ama kando, mwanga unagonga dari ama ukuta, unarudi ukiwa mpole.

Hapo kuna mtego. Hiyo inafanya kazi dari ikiwa nyeupe. Nyumba ya mabati bila silingi haikurudishii mwanga vizuri, na jikoni penye moshi umepaka paa nyeusi, mwanga unaenda huko unakufa. Geuza flashi kwa ukuta wenye rangi nyeupe, ama ambia kijana mmoja ashike shuka nyeupe kando yako. Na tenti: ikiwa nyeupe, hiyo ni dari yako ya bure. Ikiwa nyekundu ama ya buluu, usigonge mwanga huko, ju rangi itarudi kwa sura za watu na utakuwa na shemeji wa buluu. Hiyo hata ukirekebisha kwa kompyuta haitoki poa.

Nje kwa ukungu zima hiyo flashi kabisa. Mwanga unagonga matone ya maji hewani, unarudi kwa lenzi, na picha inajaa madoa meupe kama theluji. Kwa ukungu sogea karibu na mtu. Usimpige kutoka mbali na zumu, ju kila mita kati yenu ni ukungu zaidi. Halafu kamera ikiona huo weupe wote nyuma inadhani kuna mwanga mwingi, inapunguza, na mtu wetu mweusi anabaki kivuli. Panda na +1 kwa ile alama ya kuongeza na kupunguza mwanga.

Sasa ndio tunaongea lenzi

Ukishapata flashi, hapo sasa chukua 50mm f/1.8 ya kupiga sura moja moja: bibi harusi, mama akilia, pete, mzee na kofia yake. Kama uko na Nikon, angalia ile 35mm f/1.8 ya DX, ju haibani sana na ndani ya nyumba utaipenda. Watu wa Canon wanaotaka pana wako na ile nyembamba ya 24mm f/2.8. Mwanga wake si wa 1.8, lakini inashinda 18-55 na inaingia mfukoni.

Kabla ulipe, hakikisha inaingia kwa mdomo wa kamera yako. Canon ziko na alama: doti nyekundu ni EF, mraba mweupe ni EF-S. Kamera ndogo zinakubali zote mbili. Zile kubwa za fulu fremu hazikubali EF-S. Kwa Nikon mambo ni mabaya kidogo. Kamera za D3000 na D5000, yaani kina D3200, D3400, D5300, hazina mota ya fokasi ndani, kwa hivyo lenzi lazima ikuwe na yake. Tafuta AF-S. Ukiona imeandikwa AF ama AF-D, utazungusha fokasi na mkono siku nzima. AF-P nayo ni mpya na iko na mota, lakini D3100 na D3200 haziielewi. Kuna wauzaji wanajua hii na watanyamaza tu.

Zumu refu kama 55-250 ni ya tatu kwa laini. Ni tamu kwa kwaya, mechi, michezo ya shule, ama ukishuka Lake Nakuru kutafuta flamingo. Lakini ukiwa kwa 250 unataka kama 1/400 ya sekunde ndio mkono wako usiharibu picha. Ile swichi ya kutuliza inasaidia mkono wako tu, mtoto anakimbia haitamsimamisha. Kwa sebule haina kazi.

Na kama unaogopa ati DSLR zinaisha, ni kweli zinaisha. 2021 mkubwa wa Canon, Fujio Mitarai, alisema ile EOS-1D X Mark III ndio ya mwisho ya daraja lake. Watu wanahamia mirolesi na wanauza za zamani, hiyo kwako ni bahati. Lenzi za EF zinaingia kwa Canon R ukiwa na adapta na fokasi inashika vizuri. Weka doh kwa lenzi, bodi utabadilisha baadaye.

Kununua ya mkono wa pili

Ukienda Nakuru ama Luthuli kule Nairobi, ama ukipata msee wa Jiji, beba kamera yako na kadi yako. Washa tochi ya simu, mulika lenzi kutoka upande mmoja na uangalie kutoka upande ule mwingine. Vumbi kidogo si kesi. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi, rudisha hata akikupea nusu bei. Angalia vile vibati vinafunga tundu kama viko na mafuta. Piga ukurasa wa gazeti ukutani, vuta kona zote kwa skrini uone kama upande mmoja umelala. Sikiliza fokasi, ikilia kama gia ya mathree imechoka, wachana nayo.

Hiyo fangasi ndio adui wa huku kwetu. Inapenda giza na unyevu, yaani ule mkoba wa kamera umefungia kabatini tangu Aprili. Dawa si ghali: kontena ya plastiki ya kifuniko cha kukaza, na pakiti kadhaa za silika jeli. Nunua ile inabadilisha rangi ndio ujue ikishiba maji, ukaushe kwa moto mdogo sana. Mchele usitumie, unaacha unga. Kila wiki toa kamera, ipate mwanga na upepo. Na ukitoka nje kwa baridi uingie jikoni chai inachemka, lenzi itatoa jasho papo hapo. Ifunge kwa karatasi ya plastiki kabla uingie, ukae kama nusu saa, jasho likae kwa plastiki. Usipanguse na shati, tafadhali.

Vitu vidogo vinaokoa siku

Betri ya pili ni lazima. Baridi inamaliza betri haraka, na stima ya huku unaijua. Weka ya akiba mfuko wa ndani karibu na mwili. Angalia kodi: 1300D na 2000D ni LP-E10, 600D na 700D ni LP-E8, haziingiliani.

Kadi mbili za 32 ni poa kuliko moja ya 128, ju moja ikikufa haujapoteza harusi yote. Feki ni mob. Inaandika 64, ndani ni 8, na picha za mwisho zinapotea bila hata kukuambia. Jaza yote na programu ya bure inaitwa H2testw kabla ya siku ya kazi.

Kofia ya lenzi nunua, inazuia manyunyu na kugonga mlango. Filta ya UV ya mia tano inachafua picha zaidi ya kulinda. Na zile lenzi za kuskrubu mbele, zinakujanga kwa furushi limeandikwa vitu ishirini kwa bei moja, ni takataka ya glasi.

Ile 70-200 f/2.8 unaona kwa wasee wakubwa, bei yake ni ng'ombe na ndama wake. Ukipata kazi ya kuihitaji, kodisha Nakuru, uweke hiyo gharama kwa bei unapea mteja. Ichukue siku moja mapema, ju barabara ya Molo na Keringet ikinyesha haina ahadi. Na beba kitambulisho, wengi hawakupei bila.