Kiyoyozi Kinachopoza kwa Vipindi: Namna ya Kutafuta Chanzo cha Hitilafu

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Dodoma kupitia Morogoro ina urefu wa kilomita 450 hivi. Katika safari hiyo gari hupanda kutoka usawa wa bahari hadi kimo cha mita 1,100 na zaidi. Hutoka katika hewa nzito na yenye unyevu ya pwani, likaingia katika hewa nyepesi, kavu na yenye vumbi ya uwanda wa kati. Tangu Serikali ilipoanza kuhamishia shughuli zake Dodoma mwaka 2016, katika kutekeleza uamuzi uliopitishwa mwaka 1973, safari za namna hiyo zimekuwa jambo la kila siku kwa madereva wengi.

Miongoni mwa malalamiko ya madereva hao limo moja linalowatatiza hata mafundi: kiyoyozi cha gari hupoza, kisha huacha, kisha hupoza tena. Gari likifikishwa gereji, kiyoyozi hufanya kazi bila kasoro. Mara nyingi tiba inayotolewa ni kuongeza gesi. Mwenye gari hulipa, na baada ya siku chache ugonjwa hurudi.

Hitilafu inayokuja na kuondoka huonekana kuwa ngumu kuliko ile ya kudumu. Kwa mchunguzi makini, hata hivyo, ina faida moja kubwa: kila inapotokea hutaja masharti yake. Basi kabla ya kufungua chombo chochote, yafaa kuuliza: hutokea wakati gani, mahali gani, na baada ya muda gani?

Kanuni ya mtungi

Maji ya mtungi wa udongo huwa baridi kwa sababu sehemu yake hupenya kwenye vinyweleo vya udongo na kugeuka mvuke. Kimiminika hakiwezi kugeuka mvuke bila kuchukua joto, na joto hilo huchukuliwa kutoka katika maji yaliyobaki. Huitwa joto fiche. Kwa kuwa hewa ya Dodoma wakati wa kiangazi ni kavu, mtungi hupoza vizuri zaidi huko kuliko pwani.

Kiyoyozi hufuata kanuni hiyo hiyo, ila kimiminika chake hakipotei, bali huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Katika magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1990, kimiminika hicho ni gesi iitwayo R-134a, ambayo kwa kanieneo ya kawaida ya pwani huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri za Sentigredi.

Mzunguko wake una sehemu kuu nne. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huigandamiza gesi hata ikawa na kanieneo kubwa na joto jingi. Kondensa, iliyo mbele ya rejeta, huitolea joto hilo nje hata gesi ikawa kimiminika. Vali ya kutanulia hukipitisha kimiminika katika tundu jembamba, na kanieneo ikashuka ghafla. Mwisho ni kivukizi, kilicho nyuma ya dashibodi, ambamo kimiminika huchemka na kuchukua joto la hewa inayovuma kuelekea kwa abiria. Kila kilo moja ya R-134a inayochemka kwenye nyuzi sifuri huchukua kilojuli 200 hivi.

Kompresa hushikwa na kuachiwa na klachi ya sumaku-umeme. Swichi za kanieneo huikatia klachi umeme pindi kanieneo inapozidi au kupungua mno. Kwa hiyo kiyoyozi kinachoacha kupoza huenda kimezimwa na mlinzi wake mwenyewe.

Wakati na mahali vinasema nini

Kwanza, hitilafu inayotokea pwani na kutoweka uwandani. Kiyoyozi hupoza vizuri kwa nusu saa au zaidi, kisha upepo unaotoka matunduni hudhoofika ingawa feni inavuma kwa nguvu. Kikizimwa kwa robo saa, maji mengi humwagika chini ya gari, na upepo hurudi. Dalili hizi huonyesha kwamba kivukizi kimefunikwa na barafu. Kipima-joto cha kivukizi, kinachopaswa kuisimamisha kompresa kabla ya maji kuganda, hakifanyi kazi yake. Au gesi imepungua, na sehemu ya kivukizi ikawa baridi kupita kiasi. Hewa ya pwani ina maji mengi ya kuganda. Hewa ya Dodoma mwezi wa Septemba ina machache, na kwa sababu hiyo gari huonekana kupona lenyewe likiwa njiani.

Pili, hitilafu inayotokea uwandani, adhuhuri, gari likiwa limesimama au likienda polepole, na kutoweka likishika mwendo. Hapa yafaa kuitazama kondensa. Vumbi la uwanda, likichanganyika na mafuta na mabawa ya wadudu, huziba nafasi kati ya mapezi yake membamba. Huenda pia feni yake haizunguki. Joto likikosa pa kutokea, kanieneo hupanda hata swichi ikakata umeme. Kimo nacho huongeza uzito wa tatizo. Dodoma kanieneo ya hewa ni kilopaskali 89 hivi, ilhali pwani ni 101. Hivyo kila lita ya hewa inayopita kwenye kondensa ina uzito pungufu kwa karibu sehemu moja ya nane, na hubeba joto kidogo zaidi. Kondensa chafu ambayo pwani ilivumilika huweza kushindwa Dodoma. Dawa yake ya kwanza ni maji ya bomba, yakipitishwa taratibu ili mapezi yasipinde.

Tatu, hitilafu inayotokea baada ya mwendo mrefu, injini ikiwa imeshika moto, popote pale. Kompresa haizunguki, na klachi haishiki. Huenda koili yake imechoka au pengo kati ya sahani zake limepanuka. Fizikia ya kidato hutosha kueleza. Tuseme koili ina ukinzani wa omu 3.5 kwenye nyuzi 25. Kwa volti 12, mkondo wake ni ampea 3.4. Koili ikifika nyuzi 85, ukinzani wa shaba hupanda hadi omu 4.3 hivi, na mkondo hushuka hadi ampea 2.8. Kwa kuwa mvuto wa sumaku hiyo hufuata kipeo cha pili cha mkondo, hubaki theluthi mbili tu ya mvuto wa awali. Pengo likiwa pana, mvuto huo hautoshi. Injini ikipoa, klachi hushika tena, na hapo ndipo gari hufika gereji likiwa zima.

Nne, kompresa inayoshika na kuachia kila baada ya sekunde chache. Hii ndiyo dalili ya kawaida ya upungufu wa gesi. Kompresa hunyonya, kanieneo hushuka, swichi hukata. Kanieneo hupanda, swichi huunga tena.

Iko pia hitilafu inayofuata mashimo ya barabara. Hiyo mara nyingi ni waya uliolegea au rilei iliyochakaa, wala haihusiani na gesi hata kidogo.

Gesi haitumiki kama petroli

Petroli huungua ikaisha. Gesi ya kiyoyozi haiungui, huzunguka tu. Ikipungua, imevuja. Kuongeza gesi bila kutafuta mahali inapovujia ni kujaza maji katika ndoo iliyotoboka. Na kuiongeza pale ambapo haikupungua ni kosa kubwa zaidi: kanieneo huzidi, na gari lenye kondensa iliyoziba huzidi kuugua.

Hata usomaji wa geji hutaka uangalifu. Geji ya gereji hupima tofauti kati ya kanieneo ya ndani na ile ya hewa ya mahali hapo. R-134a ikiwa kwenye nyuzi sifuri ina kanieneo kamili ya kilopaskali 293. Pwani geji itaonyesha 192. Dodoma itaonyesha 204. Fundi anayetumia jedwali la pwani bila kusahihisha atakosea kwa nyuzi moja hivi.

Madhara ya gesi iliyovuja hayaishii kwenye mfuko wa mwenye gari. Magari ya zamani yalitumia R-12. Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba klorini iliyomo katika gesi za jamii hiyo huharibu tabaka la ozoni, na mwaka 1987 mataifa yalitia saini Itifaki ya Montreal ili kuziondoa. R-134a haina klorini, lakini kila kilo yake huhifadhi joto angani zaidi ya mara 1,300 ya kilo moja ya kaboni dioksidi, kwa kipimo cha miaka 100. Ndiyo maana mwezi wa Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kupunguza matumizi ya gesi za aina hiyo pia. Nusu kilo ikiachiwa hewani ni sawa na kuchoma lita 280 hivi za petroli. Isitoshe, ikirukia jicho au ngozi huweza kuigandisha. Mabomba yake yafunguliwe na fundi mwenye chombo cha kuikusanya tu.

Zoezi kwa wanafunzi

Wanafunzi, wakisimamiwa na mwalimu, wanaweza kuichunguza hitilafu bila kulegeza nati hata moja. Wanahitaji kipimajoto, saa na daftari. Gari likiwa kwenye mwendo, abiria aweke kipimajoto kwenye tundu la hewa na kuandika, kila baada ya dakika tano: halijoto ya tundu, nguvu ya upepo, mwendo wa gari, na kama kompresa inasikika ikishika. Kisha wachore grafu ya halijoto dhidi ya wakati na kujibu maswali haya:

1. Upepo ulidhoofika kabla ya halijoto kupanda, au ulibaki na nguvu ile ile?
2. Hitilafu ilitokea gari likiwa limesimama au likienda kasi?
3. Ilidumu sekunde, dakika, au mpaka injini ilipopoa?
4. Ni chanzo kipi kati ya vilivyoelezwa kinachokubaliana na majibu yote, na ni jaribio gani moja linaloweza kukikanusha?

Swali la nne ndilo kubwa kuliko yote. Mwanafunzi aliyedhani kondensa imeziba na aioshe, kisha apime tena adhuhuri ile ile na gari likiwa limesimama vile vile. Grafu isipobadilika, dhana yake imeanguka, na hana budi kutafuta nyingine. Daftari lenye safari tatu zilizoandikwa hivyo, likikabidhiwa fundi pamoja na gari, litamfaa kuliko mtungi mzima wa gesi.